Hiyas Bado Yumo Kisimani

Hiyas bado yumo kisimani.
Nilimwacha humo Ijumaa ya kwanza ya Agosti,
kamba imekatika, mwezi umefunikwa,
nikaandika "Itaendelea,"
nikafunga begi, nikapanda basi la alfajiri kutoka Culasi
na mchele kilo tano, feni ndogo,
na barua ya kukubaliwa chuoni.

Iloilo. Vitanda vinne, wasichana wanne, soketi moja.
Uhasibu. Mama aliuchagua
kama achaguavyo viatu vya mtoto:
vimzidi kidogo, mguu utavifikia.

Miaka miwili, kila Ijumaa, sura moja,
niliyoichapa kwa kidole gumba nikilinda duka la shangazi,
kati ya mteja wa siki na mteja wa vocha.
Wasomaji mia tatu na kumi na mmoja.
Hesabu hiyo sikufundishwa na mtu.

Sasa wanauliza.
"Dada, Hiyas amekufa?"
"Dada, wewe mwenyewe u mzima?"
Na mmoja, mpishi wa meli, katika bahari sijui ipi:
"Mtandao napata Jumapili tu.
Tafadhali, Jumapili awe ametoka."

Saa nne usiku wananiita wengine.
Dodong, Kervin, na yule wa Bacolod asiyetaja jina:
"Mponyaji, uko wapi? Tumebaki wanne."
Ndiyo kazi yangu mchezoni. Sipigi, sitangulii,
nasimama nyuma ya wenye panga
nikiwarudishia damu yao.
Dakika kumi na tano tu, nasema,
na dakika kumi na tano huzaa, hulea, huoza.
Saa saba namponya Kervin mara ya tisa
na jaribio ni saa moja asubuhi.

Mshika mawili, moja humponyoka.
Na mshika matatu?
Hapo methali inanyamaza.

Bi. Sumagaysay anachora mstari ubaoni:
mali kushoto, madeni kulia,
na pande mbili sharti zilingane.
Pembeni mwa daftari nimeandika:
Madeni: sura tatu. Usingizi, saa kumi na nne. Hiyas, mmoja.
Mali: nusu pakiti ya biskuti.

Jumatano umeme ukakatika La Paz nzima.
Simu yangu asilimia sita. Joto limekaa juu ya kifua
kama paka wa jirani.
Hapo Rhozel, wa kitanda cha juu, anayesomea uuguzi,
ambaye tangu tuje ameniambia "samahani" na "mlango,"
akauliza gizani:
"Yule wako wa kisimani, anakula nini?"

Nilikaa kimya, nikitafuta sauti.
Sijui, nikasema.
"Wiki tatu! Na kuna maji?"
Sikumbuki.
"Yapo. Sura ya thelathini na nane alitupa jiwe, likalia.
Basi miguu imeshamlainika, ngozi inachubuka.
Tumesoma jana."

Nilidhani nimemsimamisha kwenye sekunde moja,
kama mchezo unavyosimamishwa mtu akienda kunywa maji.
Kumbe na huko chini kulikuwa kunakucha, kunakuchwa.
Amejifunza kulala ameegemea mawe.
Vyura amewapa majina.
Mimi amenilaani, kwa jina langu kamili, Jovelyn Gumban,
na mwangwi ukamrudishia.

Nikawasha mshumaa, nikaligeuza daftari la uhasibu
nikaanzia nyuma.
Ukurasa mmoja. Si wa kumtoa.
Nilimtafutia ukingo tu, jiwe lililochomoza ukutani,
upana wa mtu mmoja,
apandishe miguu ikauke.

Umeme uliporudi feni ilikohoa, simu ikalia.
"Mponyaji?"
Kesho, nikajibu, nikijua kesho kuna nini.
Kisha nikamwandikia mpishi, popote alipo,
akaange anachokaanga:
Jumapili hatatoka.
Ila atakuwa amekaa.

Nikainua macho nimshukuru Rhozel.
Alishalala, uso ukutani,
na chaja yake ameichomoa,
soketi ameniachia.